Jamestown, 1607 hadi 1625: koloni lililoanza kwa kula mahindi ya jirani

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mara nyingi humu tunapojadili namna Wazungu walivyoichukua Amerika, mazungumzo huishia kwenye bunduki, farasi na ugonjwa wa ndui. Hayo yana uzito wake, hasa tukizungumzia Mexico na Peru. Leo naomba tukae mahali pamoja padogo, yaani ngome ya Jamestown huko Virginia, ambayo ndiyo makazi ya kwanza ya Waingereza yaliyodumu katika Amerika, na tuitazame kupitia chungu cha chakula. Nimesoma habari za mahali hapa kwa miaka kadhaa, na kila ninaporudi kwenye maandishi ya waliokuwapo nakuta jambo lilelile: nani amelima, nani anakula, na nani anamnyang'anya mwenzake ghala.

Kampuni ya Virginia ya London ilipewa hati na Mfalme James wa Kwanza mwezi Aprili 1606. Ilikuwa kampuni ya wanahisa, watu walioweka fedha zao wakitarajia kupata dhahabu, njia ya bahari ya kufikia Asia, au bidhaa yoyote ya kuuzika. Desemba mwaka huohuo meli tatu, Susan Constant, Godspeed na Discovery, ziling'oa nanga zikiongozwa na Kapteni Christopher Newport, na katikati ya Mei 1607 watu 104, wanaume na wavulana pekee, walishuka kwenye rasi ya kinamasi ukingoni mwa mto walioupa jina la mfalme wao. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu maji yalikuwa na kina kirefu hadi ukingoni, kiasi kwamba meli ziliweza kufungwa kwenye miti, na kwa sababu meli za Wahispania zisingepaona kwa urahisi kutoka baharini. Wenyeji hawakuwa wamejenga wala kulima hapo. Mtu aliyezoea kuisoma ardhi angejiuliza kwa nini.

Jibu lilikuja kiangazi hichohicho. Mto James hupokea maji ya bahari, na mvua zinapopungua chumvi hupanda hadi kwenye rasi ile. George Percy, mmoja wa waliokuwapo, aliandika kwamba maji yao ya kunywa yalikuwa ya mtoni, yenye chumvi kali bahari inapojaa na yenye tope na uchafu inapokupwa. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, na kwa njaa, wakati mwingine watatu au wanne usiku mmoja. Ilipofika Januari 1608 walikuwa wamebaki 38.

Karibu nusu ya wale 104 waliandikwa kama waungwana, kwa maana ileile tunayoijua pwani kwetu: watu ambao hadhi yao inawakataza kushika jembe. Hata wale wengine, maseremala na vibarua, hawakuwa na shamba la mtu binafsi. Kila walichovuna kiliingia ghala la kampuni, na kila mtu alipimiwa kutoka humo, awe amefanya kazi au hakufanya. Mwaka 1608 kampuni ilileta hadi wafua dhahabu na wasafisha madini, na meli ikarudi Uingereza imejaa udongo wenye kumetameta ambao haukuwa na thamani yoyote. Msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia huku watu wakichambua mchanga.

Pembeni yao waliishi watu waliokuwa wakila vizuri. Nchi hiyo iliitwa Tsenacommacah, na mtemi wake mkuu, Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walizoea kumwita Powhatan, alikuwa na jamii zipatazo 30 chini yake, watu wasiopungua elfu kumi na kitu. Kulima kulikuwa kazi ya wanawake. Mwanamke alichimba shimo kwa kijiti, akaweka punje nne za mahindi na mbili za maharage, akafukia, akasogea kama futi nne, akachimba jingine. Mahindi yakisimama, maharage hupanda juu ya bua, na maboga yaliyopandwa katikati hutandaza majani na kuzuia magugu na jua. Yeyote aliyepalilia shamba la mahindi na kunde hatahitaji kuchorewa picha.

Niseme jambo kidogo pembeni. Sisi tunaoita nafaka hiyo mahindi, kana kwamba imetoka India, tuliipokea baada ya Wareno kuanza kuzunguka dunia, na asili yake ni huko Amerika. Ugali unaokula leo mchana una ukoo na punje zile nne.

Kwa miaka miwili ya mwanzo, Waingereza waliishi kwa punje hizo. Walizinunua kwa shaba, ambayo kwa watu wa Powhatan ilikuwa kitu cha heshima, cha kuvaliwa na watemi na kuzikwa nao. Wanaakiolojia wanaochimba eneo la ngome tangu mwaka 1994 wamekuta vipande vingi vya shaba vilivyokatwa kwa ajili ya biashara hiyo. Lakini mabaharia waliokuja na meli za baadaye walikuwa wakiuza shaba kwa siri usiku, na John Smith, mmoja wa viongozi wa koloni, alilalamika kwamba kilichokuwa kikinunuliwa kwa wakia moja sasa hakipatikani hata kwa paundi nzima. Mwenye njaa hapangi bei.

Nitaendelea, lakini kwanza naomba michango.

Mchangiaji wa kwanza:

Ahsante sana kwa uzi huu, mleta mada. Naomba ufafanuzi wa jambo moja linalonisumbua. Mimi nimekulia kando ya ziwa, na kwetu mtu anayekufa njaa huku anatazama maji ni jambo la kushangaza mno. Mto ule bila shaka ulikuwa na samaki, na msitu ulikuwa na wanyama. Hawa watu walikuwa na bunduki na nyavu. Je, ni uvivu tu, au kuna jambo jingine?

Mleta uzi:

Swali zuri, ndugu yangu, na uvivu pekee hautoshi kulijibu, ingawa Smith mwenyewe alipopewa uongozi mwaka 1608 alitangaza kwamba asiyefanya kazi asile, na vifo vikapungua.

Samaki walikuwapo, hasa wale wakubwa wenye magamba kama mfupa ambao hupanda mtoni majira ya kuchipua, na watu walikula hao hadi wakachoka. Lakini samaki hao wana msimu, na msimu ukipita mto hubaki mtupu machoni mwa asiyejua mitego ya wenyeji. Pili, palikuwa na ukame mkubwa. Mwaka 1998 watafiti waliosoma pete za miti mikongwe ya kwenye vinamasi vya eneo hilo walionyesha kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa miaka saba mikavu kuliko yoyote katika kipindi cha miaka 770. Ukame huo haukuwachagua Waingereza peke yao. Ulipunguza mavuno katika mashamba ya akina mama wa Tsenacommacah pia, na hapo ndipo biashara ilipogeuka kuwa unyang'anyi. Jirani anayekuja kununua akiba yako wakati wewe mwenyewe huna uhakika wa kufika msimu ujao, na ambaye ukimkatalia anakuonyesha mtutu wa bunduki, huyo si jirani tena. Powhatan alijaribu kwanza kuwahamisha waje karibu naye, wawe watu wake, wamtengenezee shoka na vyombo vya shaba. Waingereza nao walijaribu kumfanya awe mtu wa mfalme wao: mwaka 1608 Newport alimletea taji kutoka London, naye akakataa kupiga magoti, mpaka wakamkandamiza mabega ili ainame kidogo wapate kumvika. Alirudisha zawadi ya viatu vyake vikuukuu na joho.

Mwaka 1609 kampuni ilituma watu mamia kwa mpigo. Meli yao kuu, Sea Venture, iliyobeba viongozi na sehemu kubwa ya vyakula, ilipigwa na kimbunga na kukwama Bermuda. Meli nyingine zilifika zikiwa na wagonjwa na midomo ya kulishwa. Oktoba mwaka huo Smith aliungua vibaya kwa baruti akarudishwa Uingereza. Powhatan akaona kwamba wakati umefika, akaizingira ngome, akakataza mtu yeyote kuwauzia chakula. Aliyetoka nje kutafuta mizizi aliuawa.

Majira hayo ya baridi, ya 1609 kuelekea 1610, wenyewe waliyaita Wakati wa Njaa. Percy, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza, ameandika kwamba walikula farasi, kisha mbwa na paka, kisha panya na nyoka, kisha ngozi za viatu. Mwishowe walikula maiti. Kwa muda mrefu wapo waliodai kwamba habari hiyo imetiwa chumvi. Mwaka 2012 wachimbaji walikuta, ndani ya shimo la jikoni lililojaa mifupa ya mbwa na farasi, fuvu la msichana wa Kiingereza wa miaka 14 hivi. Kwenye paji la uso kuna alama nne za kukatwa zisizo na nguvu, zilizo karibu karibu, kama za mtu aliyesita. Nyuma ya kichwa zipo nyingine zilizotiwa nguvu. Jina lake halisi halijulikani. Watafiti walimpa jina la Jane. Huwa nashindwa kuupita ukurasa huo haraka.

Watu wapatao 60 tu ndio waliokutwa hai ngomeni mwezi Mei 1610, wakati wale wa Sea Venture walipowasili kwa mashua walizojijengea Bermuda. Juni waliamua kuondoka wote. Walipanda meli, wakaanza kuteremka mto, na njiani wakakutana na mashua ya Bwana De La Warr, gavana mpya, aliyekuwa akiingia na watu wapya na chakula. Wakageuzwa.

Tunayojifunza kwa wale wanawake wa Powhatan ni kwamba hata wakati wa uhaba chakula kilikuwepo kwa mwenye ujuzi. Kuna mmea wa kwenye vinamasi uitwao taka-hoo katika masikio ya Waingereza, tuckahoe, ambao kiazi chake ni sumu kikiwa kibichi na huwasha koo. Wanawake walikivuna wakiwa ndani ya matope, wakakirundika, wakakifunika kwa majani na udongo, wakawasha moto juu yake kwa saa 24, kisha wakakianika na kukisaga. Ni ujuzi wa aina ileile ya kuloweka na kukausha muhogo mchungu. Kinamasi kilichowaua Waingereza kilikuwa ghala kwa watu wengine.

Mchangiaji wa pili:

Naomba niongeze upande wa tumbaku, kwa kuwa nimezaliwa Urambo na nimekua nikichungulia moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, usiku. Tumbaku ya mvuke tunayolima huko Tabora inaitwa Virginia hadi leo, na kila mtoto wa mkulima amelitamka jina hilo bila kujua ni la nchi. Ninachojua kwa mikono yangu ni kwamba tumbaku haikuachii nafasi. Kuna kitalu, kuna kuhamisha miche, kuna kukata maua na kuondoa vichipukizi ili jani linenepe, kuna kuchuma, kukausha, kupanga madaraja. Na ardhi inachoka. Baba yangu alikuwa akisema shamba la tumbaku ni kama mgeni mlafi, hali mara mbili kwenye nyumba moja. Ningependa kujua kama na wao waliliona hilo.

Mleta uzi:

Umegusa kiini cha jambo, na kwa kweli sikutegemea kupata mchango wa namna hii.

Tumbaku ya wenyeji wa Virginia ilikuwa kali na haikupendwa London. John Rolfe, aliyekuwa miongoni mwa waliokwama Bermuda, alipata mbegu za tumbaku laini ya makoloni ya Wahispania, akaanza kuipanda kama mwaka 1612, na mwaka 1614 mzigo wa kwanza ukasafirishwa. Mwaka huohuo alimwoa Pocahontas, binti wa Powhatan. Ndoa hiyo husimuliwa kama hadithi ya mapenzi, lakini binti huyo alikuwa mateka: Waingereza walimteka mwaka 1613, na katika fidia waliyoidai kwa baba yake, pamoja na bunduki na watu wao, kulikuwamo mahindi. Alikufa Gravesend, Uingereza, Machi 1617, akiwa na umri wa miaka 20 na kidogo.

Ndani ya koloni, Thomas Dale alikuwa ametawala kwa sheria za kijeshi zenye ukatili usioelezeka. Mtu aliyeiba unga wa shayiri kutoka ghalani alitobolewa ulimi kwa sindano nene na kufungwa mtini mpaka akafa njaa. Lakini ni Dale huyohuyo aliyewagawia baadhi ya watu ekari 3 kila mmoja wajilimie, wakilipa sehemu ya mahindi ghalani, na kwa mara ya kwanza Waingereza wakavuna cha kuwatosha. Ningependa wanaosifu au kulaani sera za mashamba ya pamoja wakitazame kipindi hiki kwa makini.

Kisha tumbaku ikameza kila kitu. Dale alilazimika kuamuru kwamba asiyepanda kwanza ekari 2 za mahindi asipande tumbaku. Kiongozi aliyefuata, Samuel Argall, alipofika mwaka 1617 alikuta ngome imebomoka, kisima kimeharibika, na tumbaku imepandwa barabarani na sokoni. Mwaka huo zilisafirishwa paundi 20,000 hivi. Tumbaku ikawa fedha. Wanawake walioletwa mwaka 1621 kuolewa na walowezi, mume alitakiwa kuilipa kampuni paundi 150 za majani bora kwa kila mmoja.

Na hapo, ndugu wa Urambo, linaingia lile alilosema mzee wako. Baada ya misimu mitatu au minne shamba lilichoka, mlowezi akahamia jingine, na mashamba ambayo akina mama wa Powhatan walikuwa wameshayasafisha ndiyo yaliyotamaniwa kwanza. Kuanzia mwaka 1618 kila aliyejilipia nauli, au aliyemlipia mwingine, aliahidiwa ekari 50 kwa kila kichwa. Zamani Waingereza walitaka mahindi ya majirani zao, na kwa hiyo walimhitaji mlimaji awe hai na awe karibu. Sasa walitaka ardhi aliyosimama juu yake. Naamini badiliko hilo ndilo lililofunga mlango wa kuishi pamoja, na lilikuja kabla ya vita kubwa yoyote.

Powhatan alifariki mwaka 1618, na ndugu yake Opechancanough akawa mwenye nguvu. Asubuhi ya tarehe 22 Machi 1622 watu wake waliingia katika nyumba za walowezi kama walivyozoea, bila silaha, wamebeba nyama ya paa, samaki na matunda ya kuuza. Baadhi walikaa mezani wakala pamoja na walowezi hao. Kisha wakanyakua vifaa vilivyokuwa jirani, mashoka na majembe, wakawaua watu 347, zaidi ya robo ya walowezi wote. Kisasi cha Waingereza nacho kilipitia shambani: waliwaacha wapande, wakasubiri mahindi yakaribie kuiva, ndipo wakayafyeka na kuyachoma, kwa vile wakati huo hapakuwa na nafasi ya kupanda tena.

Walowezi waliobaki nao walilala njaa. Ipo barua ya kijana Richard Frethorne, mtumishi wa mkataba, aliyowaandikia wazazi wake majira ya kuchipua ya 1623. Anasema tangu ashuke melini hajala kitu ila njegere na uji mwepesi, kwamba mkate wa senti moja wanagawana watu wanne, na anawasihi wamkomboe, na kama hawawezi, wamtumie jibini.

Mchangiaji wa tatu:

Mleta uzi, naona umeuruka mwaka 1619. Ndio mwaka ambao Waafrika wa kwanza walifikishwa Virginia. Je, walitoka wapi hasa, na wanaingiaje katika hoja yako ya chakula?

Mleta uzi:

Sikuusahau, nilikuwa nimeuweka makusudi.

Walitoka Ndongo, katika nchi ambayo leo ni Angola. Jina hilo Angola limetokana na ngola, cheo cha mfalme wao. Walisema Kimbundu, lugha ya Kibantu, ambamo mtu huitwa mutu. Miaka ya 1618 na 1619 gavana wa Kireno aliyekaa Luanda, akishirikiana na majeshi ya Waimbangala, alivamia Ndongo hadi mji wake mkuu, na maelfu ya watu walitekwa. Wapatao 350 walipakiwa katika meli ya São João Bautista kuelekea Veracruz, Mexico. Katika Ghuba ya Mexico meli hiyo ilivamiwa na meli mbili za maharamia wenye vibali, White Lion na Treasurer, wakawanyang'anya Wareno sehemu ya mateka. Mwishoni mwa Agosti 1619 White Lion ilitia nanga Point Comfort, mlangoni mwa Mto James.

Rolfe ndiye aliyeliandika tukio hilo, katika barua kwa mkuu wa kampuni London. Anasema meli ilileta Waafrika ishirini na kitu, na kwamba gavana na mfanyabiashara mkuu wa koloni waliwanunua kwa vyakula, kwa bei nafuu waliyoweza kuipata. Nahodha alidai kwamba ana uhaba mkubwa wa chakula.

Miaka kumi kabla ya siku hiyo, watu wa Jamestown walikuwa wakitafuna viatu. Sasa walikuwa na akiba ya kutosha kubadilishana na binadamu, na sababu ya kuwataka ilikuwa jani la tumbaku lililohitaji mikono mingi kuliko walivyokuwa nayo.

Siku chache baadaye ilifika Treasurer. Mmoja wa waliokuja nayo tunamjua kwa jina alilopewa, Angelo, ambalo wengi huliandika Angela. Katika orodha ya watu wa Virginia ya mwaka 1625, iliyohesabu watu wapatao 1,200 pamoja na mahindi, samaki, ng'ombe na bunduki za kila kaya, yumo katika nyumba ya Kapteni William Peirce, Jamestown. Mke wa Peirce, Joan, alikuwa mmoja wa wale wachache waliotoka hai katika Wakati wa Njaa. Baadaye alisifiwa hadi London kwa bustani yake ya ekari 3 au 4 mjini hapo, ambako kwa mwaka mmoja alivuna karibu debe mia mbili za tini. Waliokuwa wakimfanyia kazi wameandikwa mmoja mmoja, Waingereza kwa majina yao mawili mawili, kisha: Angelo, mwanamke Mweusi, kwa meli ya Treasurer.